Skripti zisilale kwenye laptopu ya fundi mmoja

Intaneti ya Kibera na Kawangware ikijadiliwa, mara nyingi mjadala huishia kwenye bei ya bando na upatikanaji wa Wi-Fi. Ni haki yake, kwani mfuko ndio unaoamua. Lakini kuna mitambo mingine mtaani isiyotajwa sana: seva ndogo za shule, kliniki na vituo vya vijana, pamoja na mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii, kama TunapandaNET ya Kibera. Tangu mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya imekuwa na utaratibu wa kutoa leseni kwa mitandao ya aina hiyo. Leseni, hata hivyo, haiwashi seva. Kinachoiendesha usiku kucha ni skripti fupi fupi na faili za mipangilio, na fundi aliyeziandika akipata kazi kwingine, huondoka nazo. Maoni yangu ni kwamba skripti hizo ni mali ya kituo, sawa na kompyuta yenyewe, na zinafaa kuandikwa, kuelezwa kwa Kiswahili na kuhifadhiwa mahali ambapo fundi mwingine atazifikia.

Chukua mstari mmoja tu wa rsync, programu ya kunakili faili, unaonakili faili za kituo kwenda diski ya pili kila usiku. Wengi huuongezea neno --delete, ili kilichofutwa upande wa kwanza kifutwe pia upande wa pili. Sasa stima ipotee, irudi, na diski ya kwanza isipachikwe ipasavyo. Skripti itakuta folda tupu, itatii amri na kufuta nakala yote. Hapo hakuna mdukuzi. Au tazama ratiba ya cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, iliyoandikwa 0 2 * * *. Fundi alikusudia saa nane usiku, lakini seva ya kukodi iliyopangwa kwa majira ya UTC itaanza kazi saa kumi na moja alfajiri yetu. Na kompyuta ya ofisini inayozimwa jioni haitafanya kitu, kwa sababu cron ya kawaida hairudii kazi iliyopitwa. Maelezo ya mistari miwili juu ya skripti, yakisema inafanya nini, saa ngapi na ni lini isiendeshwe, yangemwokoa anayeipokea.

Wapo watakaosema kuziweka skripti wazi hivi ni kuwafungulia wezi mlango. Hofu hiyo ina msingi pale nywila zinapoandikwa ndani ya skripti yenyewe, jambo ambalo ni kosa hata skripti ikifichwa. Nywila ikae kwenye faili yake, inayosomwa na mwenye ruhusa peke yake; zinazobaki ni hatua za kazi. Wengine watasema fundi atajinyima mkate. Hili ni zito zaidi, maana vituo vingi humwita fundi kwa dharura tu, humlipa kidogo, na siri ndiyo bima yake. Dawa ni kumlipa kwa uangalizi wa kila mwezi, na mkataba utaje kwamba skripti zinabaki kituoni. Kituo kisichotaka kulipia uangalizi kisimlaumu fundi kwa kuficha.

Wala tusidhani haya ni matatizo ya mitaa ya mabati. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake hasa ni kuhifadhi programu za watu, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Walipotafuta nakala, waligundua kwamba skripti ya kuzitengeneza ilikuwa ikishindwa kimya kimya, na barua pepe za tahadhari hazikuwa zikifika. Data ya takriban saa sita ilipotea. Kampuni ilieleza kisa kizima hadharani, na mafundi wa kwingine wakapata somo bila kulilipia. Kibera nayo inajua faida ya uwazi: mwaka 2009 vijana wa mradi wa Map Kibera walichora mtaa wao katika OpenStreetMap, wakati ramani za mtandaoni zilikuwa karibu tupu hapo, na kwa kuwa ramani hiyo iko wazi, mtu yeyote anaweza kuitumia na kuisahihisha.

Wasimamizi wa shule na vituo, mwombeni fundi wenu wiki hii awaonyeshe skripti ya nakala, kisha arudishe faili moja kutoka kwenye nakala hiyo mkiwa mnatazama. Isiporudi, hamna nakala.