Hadithi na Funzo Lake

Katika madarasa mengi ya Afrika Mashariki hadithi haimaliziki pale msimulizi anaponyamaza. Humalizika kwa swali. Kima amekwisha kuruka juu ya mti, papa amebaki majini bila ya moyo aliotumwa kuuleta, paa amekwisha kuliliwa na kuzikwa. Kisha mwalimu hugeukia ubao na kuuliza: hadithi hii yatufundisha nini? Mikono huinuliwa, jibu hutolewa, huandikwa daftarini kwa sentensi moja, na hadithi hufungwa kama duka lililokwisha kuuza bidhaa yake. Desturi hii imezoewa hata haionekani tena kuwa ni desturi. Hudhaniwa kuwa ndiko kusoma kwenyewe. Dai linalotolewa hapa ni kinyume chake: kwamba anayeikamua hadithi ili atoe funzo moja huikosa hadithi na hulikosa funzo pia, na kwamba hasara hiyo haibaki darasani, bali humfuata mtoto mpaka utu uzima.

Wanaoitetea desturi hii si watu wabaya, wala hoja zao si za kupuuzwa. Husema, kwanza, kuwa wazee hawakusimulia bure. Walisimulia ili waonye, na kuuliza funzo ni kuwatii wazee. Husema, pili, kuwa hadithi isiyoelekezwa ni hatari, kwa sababu ngano za kale zimejaa wezi, walaghai na waongo wanaoshinda, na mtoto akiachwa peke yake aweza kumpenda mlaghai. Husema, tatu, kuwa mwalimu mwenye watoto wengi darasani na mtihani mbele yake hawezi kusahihisha mawazo. Aweza kusahihisha jibu. Hoja hizo zastahili kujibiwa moja baada ya moja.

Ya kwanza yawasingizia wazee jambo wasilolisema. Msimulizi wa pwani alipoita Paukwa, aliitikiwa Pakawa. Kwingine alitangaza hadithi, na wasikilizaji wakaitika: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Na yatazamwe maneno hayo. Vinavyoitwa ni hadithi, uwongo na utamu. Funzo halikutajwa mlangoni. Uwongo waalikwa kwa jina lake, mbele ya wakubwa na wadogo, bila ya haya. Kwa hiyo hapana anayedanganywa. Ni mapatano: msimulizi amepewa ruhusa ya kuumba kisichokuwapo, na msikilizaji amejipa ruhusa ya kukiamini kwa muda, kisha kukirudisha. Mtoto aliyefanya mapatano hayo usiku baada ya usiku amejifunza jambo lisiloandikika ubaoni, nalo ni kutofautisha uwongo ulioalikwa na uwongo uliojipenyeza.

Wala wazee hawakukosa chombo cha kuonyea. Walikuwa na methali. Aliyetaka kumwonya mtoto mkaidi alimwambia kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na shauri likaisha kwa pumzi moja. Ikiwa ngano ya saa nzima yaweza kubadilishwa kwa sentensi moja pasipo hasara, basi wazee walikuwa watu wa ajabu: walikuwa na njia fupi mkononi, wakachagua ndefu, wakaupoteza usiku wa watu waliochoka kwa kazi. Ni afadhali kuamini kuwa walijua tofauti ya vyombo vyao. Methali hutoa hukumu. Ngano hutoa kesi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika safari ya ngano zenyewe. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa Unguja. Miongoni mwake mna Kisa cha Punda wa Dobi. Kima na papa ni marafiki. Papa amkaribisha kima kwao, ambeba mgongoni, na katikati ya bahari amwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kuwa ameuacha moyo wake mtini, kama wafanyavyo kima wote, na papa mjinga amrudisha pwani. Ngano hii haikuzaliwa Unguja. Imo katika Panchatantra ya Kihindi, ambamo mbebaji ni mamba. Imo katika Kalila na Dimna, kitabu alichokitia Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu katika karne ya 8, ambamo mbebaji ni kasa. Huko moyo watakiwa kwa ajili ya mke wa mbebaji. Unguja watakiwa kwa ajili ya sultani.

Katika vitabu hivyo viwili ngano imewekwa mahali pa kuonyesha mtu aliyekipata alichokitaka, kisha akakipoteza: funzo ni la mamba na la kasa. Funzo hilo halikushuka chomboni lilipofika pwani ya Waswahili. Msimulizi wa Unguja amesimama upande wa kima. Papa anapomwita tena, kima ampa kisa cha punda wa dobi, aliyeshawishiwa na sungura aende kwa simba, akanusurika, akashawishiwa mara ya pili, akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, akamwambia simba kuwa punda yule hakuwa navyo, maana lau angalikuwa navyo asingalirudi. Kima amaliza kwa kukataa kuwa punda wa dobi. Basi mbebaji amebadilika, mgonjwa amebadilika, mbweha wa Kihindi amekuwa sungura, na funzo limegeuka upande; kilichovuka bahari kikiwa salama ni hadithi. Mafunzo ni nguo ambazo kila bandari iliivika na kuivua. Mwalimu anayemwambia mtoto aandike nguo moja na kuiacha hadithi ameshika chicha akamwaga tui.

Hoja hiyo haihusu karne na bahari tu. Yahusu pia umri wa mtu mmoja. Katika mkusanyo ule ule mna kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani apata thumuni, anunua paa. Paa aweza kunena. Aokota almasi, aipeleka kwa sultani, amzulia bwana wake jina la usultani, amposea binti wa sultani, aua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya nyoka yule. Kisha paa augua. Bwana aagiza apewe uji wa mtama, hamtazami, na akiisha kufa amtupa kisimani. Mke alia, baba wa mke aja kumtoa paa na kumzika kwa heshima. Usiku mke aota yuko kwa baba yake, aamka na kujiona yuko huko. Mume aota yuko jaani akichakura, aamka na kujiona yuko jaani.

Funzo la daftari ni kuwa mtu asisahau fadhila. Nani apingaye? Lakini mtoto wa miaka saba hakusikia hilo. Alisikia vichwa saba, akahesabu kila kimoja kikianguka. Kisha akamlilia mnyama ambaye hakuwa mtu wala hakuwapo. Kulia huko ndilo funzo lake, na halina sentensi. Kijana wa miaka 20 na kitu, aliyeanza kupanda daraja kazini, humwona yule bwana akajiuliza ni nani waliompandisha yeye. Mtu wa makamo huona ambalo hakuliona zamani: kwamba ukuu wote ule ulijengwa juu ya uwongo wa paa, na kwamba mtunga uwongo ndiye aliyekuwa mwaminifu, na aliyefaidi ndiye aliyekuwa mhaini. Mzee, ambaye amekwisha kuuguza na kuuguzwa, husimama penye uji wa mtama na hapiti haraka. Na kila mmoja wao aweza kuuliza swali ambalo kisa hakilijibu: mkosaji amerudishwa jaani, mke amerudishwa kwao, mbona paa hakurudishiwa uhai? Mtoto aliyekwisha kuandika jibu akiwa darasa la tatu hana sababu ya kurudi, maana ameambiwa kuwa hadithi imekwisha. Aliyeachiwa hadithi bila ya jibu ameachiwa shamba la kulima maisha yake yote.

Hoja ya pili yamwogopa mlaghai. Na achukuliwe Abunuwasi, aliye mashuhuri kuliko wote. Aazima sufuria, airudisha pamoja na sufuria ndogo, asema imezaa. Mwenyewe apokea kwa furaha. Aazima tena, kisha asema sufuria imekufa. Mwenyewe ashitaki, ashindwa, kwa kuwa aliyekubali kuwa sufuria huzaa hana budi kukubali kuwa hufa. Mtafuta funzo ataandika kuwa tamaa ni mbaya. Lakini tamaa ya nani? Abunuwasi ameondoka na sufuria ya watu. Hapo mwalimu mwenye hofu hana ila njia mbili: kuiondoa hadithi, au kuipaka chokaa mpaka mlaghai aadhibiwe mwishoni. Njia zote mbili humwacha mtoto bila ya silaha. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha kugundua kanuni iliyo kali kuliko nasaha yoyote juu ya tamaa: kwamba asiyeuhoji uwongo unaomfaa hupoteza haki ya kuuhoji uwongo unaomdhuru. Anayecheka hapo hajifunzi kuiba sufuria, ajifunza kutoibiwa. Wala hajatokea wa kuonyesha kijiji kilichoharibiwa na sungura.

Tena jambo hili si la watoto peke yao. Mwaka 1951 Shaaban Robert, mtumishi katika serikali ya Waingereza nchini Tanganyika, alitoa kitabu cha Kusadikika, nchi iliyoning'inia angani. Humo Karama ashitakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, naye ajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ugenini na kulipwa kifungo. Kitabu hicho kikikamuliwa kitatoa sentensi kuwa haki hushinda, sentensi ambayo isingalimnyima usingizi mtawala yeyote. Nguvu yake ni kumlazimisha msomaji aijenge nchi isiyokuwapo, kisha ageuke na kuiona nchi iliyopo kana kwamba nayo ilitungwa na watu na yaweza kutungwa upya. Uwezo huo hauanzi chuoni. Huanza penye Paukwa. Asiyezoea kuona kisichokuwapo huamini kuwa kilichopo ndicho pekee kinachowezekana, na asiyewahi kumlilia paa atapata taabu kumlilia mtu wa mbali.

Wanafunzi wafikapo chuo kikuu huleta desturi ile ile chini ya majina makubwa: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Huyaorodhesha kabla hawajacheka wala kuogopa. Wahadhiri huwalaumu; lakini lawama hiyo yafaa irudi ilikotoka, maana ni vyuoni ambako walimu wa shule hufundishwa kuuliza swali lile.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa si hoja ya elimu bali ya uchovu. Mwalimu mwenye rundo la madaftari hastahili kudhihakiwa. Lakini yapo maswali yasiyomzidishia mzigo. Mtoto aweza kuambiwa asimulie kisa kwa kinywa cha papa, ambaye ametumwa na sultani wake na pengine hana hiari. Au aseme paa angalinena nini lau angalipewa siku moja zaidi. Au wawili wabishane kama Abunuwasi alishinda kwa haki, na wengine wahukumu. Usahihi na kosa huonekana humo pia: aliyesikiliza hujulikana, na aliyesinzia hujulikana. Mtihani nao waweza kuuliza hivyo. Ukishindwa, basi hadithi na ziachwe nje ya mtihani, kama chakula cha mchana kinavyoachwa nje yake, na hapana asemaye kuwa chakula hakimkuzi mtoto.

Hapana anayedai hapa kuwa hadithi hazina mafunzo. Zinayo, na ni makubwa kuliko sentensi; ndiyo sababu hayakubali kuandikwa katika sentensi. Huja kwa wakati wake: miaka mingi baada ya kengele ya shule, penye kitanda cha mgonjwa au penye baraza la hukumu, mtu hukumbuka kuwa aliwahi kuisikia hali hiyo. Kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kuwa siku hiyo ikifika, kitakachokumbukwa ni paa na uji wake, si mstari wa daftari uliokwisha kufutika. Kwa hiyo akimaliza kusimulia, na anyamaze kidogo. Watoto watauliza wenyewe.