Ukilala Illasit, Uliza Kwanza

Labda umezoea hoteli kubwa zenye matawi mengi, kama Serena kule Amboseli, ambako taulo na maji moto hayaulizwi. Lakini safari ikikulaza Illasit, mpakani na Tarakea ya Tanzania, utalala lojing'i, na huko kila jambo huulizwa kabla ya kulipa. Je, bei ni ya chumba au ya kila kichwa? Ni pesa za nchi gani? Elfu moja ya Kenya si elfu moja ya Tanzania! Maji moto hupatikana saa ngapi? Lango nalo? Julai, chini ya Kilimanjaro, baridi ni kali. Ukiwa na watoto, omba blanketi la pili mapema. Beba kitambulisho, dai risiti. Kuuliza si ujinga.