Kiporo cha Kariakoo kimeliwa, lakini Endabash haijasahau

MSIMU wa 2024/25 wa Ligi Kuu Tanzania Bara umefika tamati. Yanga wamebeba ubingwa kwa mara ya nne mfululizo, taji lao la 31, wakiwa na pointi 82. Simba wamemaliza wa pili na pointi 78. Kagera Sugar na KenGold wameshuka daraja, Mtibwa Sugar na Mbeya City wakarudi Ligi Kuu. Ukitazama msimamo, kila kitu kiko sawa.

Lakini ipo hesabu moja ambayo haimo kwenye msimamo, na haijafungwa mpaka leo. Ni hesabu ya Jumamosi ya Machi 8, 2025, siku ambayo mechi kubwa kuliko zote nchini iliahirishwa wakati mashabiki wengine wako njiani na wengine wameshafika. Hasira za Dar es Salaam siku hiyo zilisikika vizuri kwa sababu kamera na vipaza sauti viko hukohuko. Za Endabash hazikusikika.

Endabash ni kata ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Ni sehemu ya mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi, mbali na uwanja wowote wa Ligi Kuu. Mkoa mzima wa Arusha hauna timu kwenye ligi hiyo tangu JKT Oljoro iliposhuka mwaka 2014. Kutoka huko mpaka Kwa Mkapa ni safari ya zaidi ya kilomita 700. Hata hivyo, siku ya dabi jezi za kijani na njano na zile nyekundu utazikuta kwenye bodaboda, kwenye mashine ya kusaga na mnadani, na utani kati ya Wananchi na Wana Msimbazi ni uleule wa Kariakoo.

Shabiki wa huko anaangalia mpira kibanda umiza. Machi ni mwezi wa shamba, kwa hiyo siku ya dabi inapangwa mapema. Kazi inaanza alfajiri ili iishe mapema. Mwenye kibanda analipia kifurushi cha king'amuzi, anaweka mafuta kwenye jenereta endapo umeme utakatika, anaazima mabenchi kwa majirani. Mama wa chai na mandazi anaongeza unga. Wanaotoka vitongoji vya mbali wanapatana na bodaboda ya kwenda na kurudi usiku. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye tiketi, lakini wote wameshalipia mechi.

Jioni ile wakaambiwa haipo.

Kilichotokea kinajulikana. Usiku wa kuamkia siku ya mechi, Simba walisema wamezuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, ilhali kanuni inaipa timu mgeni nafasi hiyo. Wakatangaza kwamba hawatacheza. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku yenyewe. Yanga, waliokuwa wenyeji, wakaenda uwanjani, kisha wakasema mechi hiyo kwao imekwisha na hawatairudia. Suala likapelekwa mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambayo ikawarudisha wakamalizie kwanza njia za hapa nyumbani. Mechi ikapangwa Juni 15, ikasogezwa mpaka Juni 25. Siku hiyo, akiwapo mwamuzi kutoka Misri, Yanga wakashinda 2-0 kwa mabao ya Pacome Zouzoua na Clement Mzize.

Tangu hapo kumezuka hoja moja mitaani, na si hoja ya kupuuzwa. Wapo wanaosema kuahirishwa kule kulikuwa na heri yake. Timu nyingine zote zilikuwa zimemaliza mechi zao 30. Yanga walikuwa na pointi 79, Simba 78. Sare ilitosha kwa Yanga, Simba walihitaji ushindi tu. Nchi nzima ilisimama Jumatano ile. Ligi gani isingetamani kumalizika hivyo? Kiporo, wanasema, kimekuwa kitamu kuliko chakula cha jana.

Ni kweli kilikuwa kitamu. Lakini utamu wa kiporo haumaanishi kwamba mpishi alifanya vizuri kuwalaza watu njaa.

Ziko ligi ambazo zimepangwa ziishe kwa fainali. Kule Amerika ya Kati, katika nchi kama Costa Rica, Honduras na Guatemala, mwaka wa mpira hugawanywa misimu miwili, na kila msimu timu za juu huingia hatua ya mtoano mpaka fainali ya kumpata bingwa. Shabiki wa kule anajua tangu siku ya kwanza kwamba mwishoni kuna fainali. Ligi ya Tanzania Bara ni ya nyumbani na ugenini, mechi 30, kila mechi na uzito wake. Fainali ya Juni 25 haikupangwa na mtu. Ilizaliwa na mvutano wa getini.

Tena haikuwa mechi ileile. Machi 8 Yanga walikuwa na Stephane Aziz Ki. Ilipofika Juni 25 alikuwa ameshahamia Wydad Casablanca. Machi Simba walikuwa bado na safari ndefu ya Kombe la Shirikisho Afrika. Juni walikuwa wametoka kupoteza fainali mbele ya RS Berkane. Nani amefaidika na nani ameumia kwa miezi mitatu na nusu ile, kila kibanda kina jibu lake na hakuna atakayemshawishi mwenzake. Ndiyo maana ligi huwa na tarehe. Tarehe humzuia mtu kuchagua lini anataka kukutana na mpinzani wake.

Anayedhani mechi hiyo moja ndiyo iliyoamua ubingwa arudi kwenye hesabu. Yanga wamecheza mechi 30, wakashinda 27, sare moja, wakafungwa mbili. Vipigo vyote viwili vilikuja ndani ya siku tano za Novemba: 1-0 mbele ya Azam, halafu 3-1 mbele ya Tabora United. Kocha Miguel Gamondi akaondoka, akaja Sead Ramovic, naye akaondoka Februari akampisha Miloud Hamdi. Makocha watatu, ubingwa mmoja. Sare yao pekee ilikuwa 0-0 na JKT Tanzania.

Simba wameshinda 25, sare tatu, wamefungwa mbili. Waliowafunga ni Yanga peke yao, Oktoba na Juni. Sare walizipata kwa Coastal Union, Azam na Fountain Gate. Hiyo ya Fountain Gate ndiyo watu wa Karatu wanaikumbuka zaidi, kwa sababu ilichezwa mkoa wa jirani, Uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati, Februari 6. Simba walikuwa wanaongoza. Mchezaji wao akarudisha mpira kwa kipa wake, mpira ukapita, ukaingia wavuni. Ikawa 1-1. Bila bao lile la kujifunga, Simba wangeingia Kwa Mkapa Juni 25 wakiwa na pointi 80 dhidi ya 79, na sare ingewatosha wao. Pasi moja ya nyuma, pale Babati, ilibadilisha hesabu ya mechi iliyosimamisha nchi.

Hilo ndilo jambo zuri la msimu huu, na halijasifiwa vya kutosha. Babati mechi ilichezwa kwa tarehe yake, mbele ya watu wake. Tabora United waliwafuata Yanga Dar es Salaam wakachukua pointi tatu, na hakuna aliyeuliza nani kafunga geti la nani. KenGold walipambana mpaka wakashuka, na Kagera Sugar, timu ya miaka mingi Ligi Kuu, ikashuka nayo bila mtu kusema haichezi. Kanuni zilifanya kazi kwa wadogo wote. Ziliposhindwa, zilishindwa kwa wakubwa wawili, kwenye uwanja mkubwa, siku yenye watazamaji wengi.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Timu ndogo ikigoma kuingiza timu uwanjani, inajua kitakachofuata. Kanuni itasomwa mstari kwa mstari. Timu kubwa zikivutana, kanuni inageuka kuwa ya kujadiliwa. Kijana wa Endabash anayecheza ligi ya kata viatu vikiwa vya kuazima anaona yote hayo. Anajifunza kwamba sheria ni ya wasio na mashabiki wengi. Somo hilo likishaingia, halitoki kwa semina.

Kuna na suala la pesa, maana mpira wa sasa unaendeshwa kwa pesa. Mwaka 2021 Azam Media waliingia mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi hii, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Thamani hiyo haitokani na viti 60,000 vya Kwa Mkapa. Inatokana na ving'amuzi vya Endabash, Haydom, Kibondo na Newala, kwa watu ambao hawajawahi kuuona uwanja huo kwa macho na wanalipia kifurushi kila mwezi. Wao ndio wateja wakubwa wa ligi. Na mteja huyu ana ratiba tu mkononi. Hana kiti, hana mkutano mkuu wa klabu, hana wa kumpigia simu. Ukiivunja ratiba, umemnyang'anya kitu pekee alichoahidiwa.

Karatu ni nchi ya wakimbiaji. Filbert Bayi, mzaliwa wa huko, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974 kule Christchurch, kwa kutoka mbele tangu bunduki ilipolia. Wazee wa Karatu wanaijua vizuri kanuni ya mchezo ule: ukiwa na malalamiko, unayapeleka kwa waamuzi baada ya mstari wa mwisho. Mbio hazikungoji.

Mpira nao unaweza kuwa na kanuni nyepesi kama hiyo. Kwanza, siku ya kuamkia mechi uwanja uwe mikononi mwa kamishna wa mechi, funguo za geti na orodha ya wanaoingia viwe kwake, si kwa mabaunsa wa klabu yoyote. Pili, mwenyeji atakayemzuia mgeni aadhibiwe, tena adhabu iumize; lakini mgeni naye aje acheze, kisha adai haki yake. Asiyetokea apoteze pointi, awe na mashabiki mia au milioni. Tatu, mechi isiahirishwe siku yenyewe isipokuwa kwa janga ambalo kila mtu analiona kwa macho. Nne, kiporo chochote kinachogusa ubingwa au kushuka daraja kimalizwe kabla ya raundi ya mwisho, ili timu zote zimalize pamoja.

Hakuna jipya sana hapo. Mengi yamo tayari kwenye vitabu vya kanuni, yanangoja mtu wa kuyasimamia bila kuangalia rangi ya jezi. Na muda ni mfupi. Agosti 2025 CHAN ilichezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2027 nchi hizo tatu zinapokea AFCON, na uwanja wake unajengwa Arusha, mkoa uleule wa Endabash. Siku hiyo shabiki wa Karatu hatahitaji tena kilomita 700. Atapanda basi asubuhi, jioni atakuwa kwenye kiti chake.

Kabla ya hapo kuna msimu mpya wa Ligi Kuu, na ratiba yake itatoka na tarehe mbili za dabi zikiwa zimeandikwa. Endabash watazizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani kama kawaida. Mwenye kibanda atalipia kifurushi, mama wa mandazi ataongeza unga. Safari hii atauliza kwanza, na hakuna wa kumlaumu: "Hii mechi ipo kweli, au ni kama ile ya Machi?"

Bodi ya Ligi, Yanga na Simba wanadaiwa jibu la swali hilo. Jibu hilo halitolewi kwa tamko la klabu. Linatolewa kwa filimbi ya mwamuzi, siku ileile na saa ileile iliyoandikwa.