Kibao cha mama ntilie ndiyo anwani yako, usiache kifutwe

Leo tuongelee kitu tunachokipita kila siku bila kukiangalia: vibao vya zamani vya hoteli zetu za mtaani. Msimamo wangu ni huu: sisi tunaouza mtandaoni kwenye miji midogo kama Masumbwe tunazihitaji hizo hoteli kuliko zinavyotuhitaji sisi. Zikiondoka, tunaumia wote.

Angalia mzigo wako unavyosafiri. Umeagiza vitenge Kahama, au mteja wa Ushirombo kaona kiatu kwenye status, katuma hela. Konda anauliza, "Mzigo ushuke wapi?" Zoezi la anwani za makazi lilifanyika nchi nzima mwaka 2022, mitaa ikapewa majina na nyumba namba, na ni jambo zuri. Lakini boda bado anakuuliza, "Karibu na nini?" Na wewe unamjibu, "Pale kwenye hoteli yenye samaki kachorwa ukutani." Mama wa pale anapokea mzigo, anauweka chini ya meza ya chapati, mtu wako anakuja kuuchukua jioni. Hakudai hata mia. Hiyo ni ofisi yako ya mizigo na huilipii kodi.

Sasa mji unabadilika. Hii ni barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama kwenda Rusumo, malori ya Rwanda na Burundi hayakauki. Na hela ya dhahabu ikiingia, zinapanda fremu za milango ya vioo. Ukuta uliochorwa kwa brashi unapigwa rangi upya, linafungwa bango la kuprinti. Sipingi maendeleo, na mimi nina fremu. Ninachopinga ni kufuta kitu kinachokuletea wateja halafu ukaanza kutafuta wateja upya.

Vile vibao vina kumbukumbu pia. Ukikuta kibao kimeandikwa "Bukombe, Shinyanga" ujue kiliandikwa kabla ya 2012, kabla hatujawa wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Mteja akikiona anaelewa bila kuambiwa kwamba huyu mama yupo siku nyingi, hakimbii. Wewe mwenye ukurasa wa miezi mitatu unatafuta imani hiyo hiyo kwa kulipia matangazo.

Mtu atasema, mbona makampuni makubwa yanabadilisha majina? Ni kweli. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel 2010. Tigo ikawa Yas mwishoni mwa 2024. Kila mara kuta za maduka zinapakwa upya. Ila wenzetu wana hela ya redio, ya televisheni na ya kupaka kuta nchi nzima mpaka tuzoee. Wewe ukibadilisha jina la ukurasa na logo kila baada ya miezi miwili, nani atakutangazia? Mama wa supu hajabadilisha hata herufi moja, na dereva wa lori anayepita mara moja kwa mwezi anajua asimame wapi.

Kuna maandishi mengine ukutani ambayo hayana mjadala: ile X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Hoteli nyingi za kandokando zipo humo ndani. Kwa hiyo kuhama kupo, leo au kesho. Swali ni moja: atahama na jina lake au ataliacha ukutani libomolewe nalo?

Hapa ndipo sisi vijana wa simu tuna kazi. Haya ninayoyasema hayahitaji mtaji:

1. Piga picha kibao chake kabla hakijafutwa. Mpe hiyo picha iwe profaili yake ya WhatsApp. Fundi akichora upya, achore kilekile: samaki yuleyule, rangi ileile.

2. Akihama, tangaza kwenye status yako: jina ni lilelile, sasa yupo sehemu fulani. Wateja wake wengi ndio wateja wako.

3. Msaidie kupata lipa namba yenye jina lilelile lililo kwenye kibao, siyo jina ambalo mteja halijui.

4. Ukimwachia mizigo, kula kwake. Wali maharage wa mchana siyo hasara. Mizigo ikizidi, mpe chochote.

5. Na wewe unayetaka fremu ya barabarani, pima hizo mita 30 kwanza ndipo ulipe kodi ya mwaka.

Najua wengine mtasema haya ni mambo ya kizamani, siku hizi ni lokesheni ya Google tu. Sawa, mtumie boda lokesheni. Akifika atakupigia tu: "Bosi, niko hapa kwenye samaki, wewe uko wapi?"

Kwenu wateja wanaelekezwa kwa kibao gani? Andika hapo chini, na kama kina picha weka.