Mamluki Katika Daftari la Chuo

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye kikao cha wahitimu wa chuo kimoja cha ualimu hapa Pemba. Jina la chuo naliacha, kwani waliokuwepo wanajijua, na wasiokuwepo halitawafaa kitu. Tulikaa chini ya mwembe baada ya sala ya alasiri, tukanyweshwa kahawa, na ajenda tatu za mwanzo zikapita bila ya mtu kukohoa. Ya nne ilikuwa timu ya mpira. Akasimama mmoja niliyemsomesha mwenyewe, sasa mtu mzima mwenye gari na biashara yake, akasema kuwa timu ya chuo inatutia aibu. Msimu mzima imeshinda mara moja tu. Dawa aliyoileta ilikuwa nyepesi. Tuchange fedha, tulete vijana sita kutoka Unguja na Bara, tuwaandikishe kozi ya cheti, wapewe kitanda na chakula, na baada ya misimu miwili timu itakuwa daraja la kwanza. Kuhusu masomo alisema hayo "yatatazamwa." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa mzee hulindiwa heshima yake, hapana aliyeniuliza kwa nini. Basi nitajibu bila ya kuulizwa.

Mpira naupenda. Nalisema hili mapema nisije nikatiwa katika kundi la wale walimu waliokuwa wakiipasua mipira ya watoto kwa visu. Mwaka 1995 Zanzibar ilipolichukua Kombe la Chalenji kule Uganda, nilikuwa na redio sikioni mpaka betri zikafa. Na Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezewa hapa kwetu Gombani na Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali, nilikuwepo uwanjani na fimbo yangu, na goti likaniuma wiki nzima. Kwa hiyo asije mtu akasema kuwa mzee hajui utamu wa kushinda.

Yule bwana alitupigia mfano wa Marekani. Ati huko vyuo vikuu vinajulikana kwa mpira, na mpira ndio unaowaletea wanafunzi. Ni kweli nusu. Mpira wao, kwanza, si huu wetu. Ule hushikwa kwa mikono zaidi kuliko unavyopigwa kwa mguu, na wachezaji huvaa kofia ngumu kama wapanda pikipiki. Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja unaochukua watu zaidi ya 107,000. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Pemba nzima watu 543,441, yaani kila mtu mmoja kati yetu watano angepata kiti. Mwezi Juni 2025 mahakama ya huko iliidhinisha makubaliano ya kuviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, na kwa vyuo vikubwa kiwango kinapita dola milioni 20 kwa mwaka. Haya, nasi tuanze kuchanga.

Lakini mwenzetu hakutuhadithia upande wa pili. Mamluki hawakugunduliwa na sisi. Mwaka 1896 kijana mmoja aitwaye Fielding Yost, mwanafunzi wa West Virginia, alihamia chuo cha Lafayette, akacheza dhidi ya Pennsylvania, timu ambayo ilikuwa haijafungwa kwa muda mrefu, wakashinda 6-4, kisha akarejea zake West Virginia. Mchezo ukaharibika kwa hila na kwa vifo vya uwanjani, hata mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu viongozi wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton akawaonya. Mwaka uliofuata vyuo vikaunda umoja wao wa kusimamia sheria. Bwana Yost mwenyewe, la kuchekesha, alikuja kuwa mkubwa wa michezo pale Michigan, na uwanja ule wa mwaka 1927 ulijengwa wakati wake.

Na hata leo wako Wamarekani waliokataa njia hiyo. Mjukuu wangu anasoma katika chuo kidogo jimbo la Ohio, katika ile ngazi wanayoiita ya tatu. Vyuo zaidi ya 400 vimo katika ngazi hiyo, na havitoi hata senti moja ya ufadhili kwa ajili ya mchezo. Msimu wao ni mechi kumi. Mwaka jana chuo chake kilishinda mbili. Ananiletea picha katika simu: watu mia chache wamekaa kwenye mbao, mvua inanyesha, na chini yake ameandika, "Babu, huyu namba 54 ndiye ninayefanya naye majaribio ya kemia, Jumatatu alikuja na kidole kimefungwa." Picha hii yule bwana hakuiona. Au aliiona akaipita.

Sasa nije kwangu, maana mwenye kusema juu ya mamluki kikaoni nilipaswa kuwa mimi.

Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa chuo. Joto la kombe la Uganda lilikuwa halijapoa, na kila kijiji kilitaka timu. Wakubwa fulani wakanijia, wakanywa chai yangu, wakaniambia kuwa chuo kisicho na timu ni kama nyumba isiyo na taa. Wachezaji wanne walikuwa tayari. Kilichotakiwa ni majina yao yamo katika daftari la chuo ili fomu za usajili zipite. Nikayaandika kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu, kwani nyeusi ilikuwa imekwisha. Wawili walikuwa wachukuzi, mmoja fundi baiskeli, wa nne sikupata kujua kazi yake. Asubuhi mwalimu wa zamu alipoita majina, wenzao waliitikia kwa niaba yao, na mwalimu akatia alama ya kuwepo.

Tulishinda, sikatai. Mechi sita mfululizo. Mlinda mlango wetu halisi, kijana kutoka Micheweni aliyekuwa akisomea hesabu, alikaa benchi akiwashikia wageni saa na mikanda yao. Wanachuo walishangilia, lakini walishangilia watu wasiowajua majina. (Timu ya netiboli ya wasichana ilishinda msimu uleule bila ya kuletewa mtu yeyote. Hakuna mkubwa aliyekuja kunywa chai kwa ajili yao.)

Mwisho wa mwaka, katika mtihani, kijana mmoja alikamatwa na kikaratasi ndani ya mkono wa kanzu. Nikamwita ofisini. Nikamhubiria uaminifu wa mwalimu, kwamba mwalimu ni daftari lake, na kwamba akisema uongo pale kila kitu kinachofuata ni uongo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa adabu kabisa, bila ya kuniangalia: "Mwalimu, na wale wanne wamo katika daftari lako. Darasani hatujawaona."

Sikuwa na jibu. Sheria ilisema afukuzwe, nikamfukuza. Na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Kosa lake lilikuwa kosa, na adhabu ilikuwa ya haki. Aliyeitia saini ndiye hakuwa na haki ya kuitia. Miaka mingi baadaye nilimkuta bandarini Mkoani akipakia magunia melini. Alinipa shikamoo, akanichukulia begi mpaka juu, akakataa pesa yangu.

Mwaka 1997 niliyafuta majina yale. Timu ilikuwa ya wanachuo watupu, na tulicheza mechi 11: tukashinda moja, sare mbili, tukafungwa nane. Msimu wa karafuu ulipoingia, nusu ya wachezaji walikwenda mashamba kwao kuchuma, na mechi moja tulianza watu tisa. Kiwanja chetu kilikuwa na mnazi karibu na kona, na refa mmoja alikataa kuchezesha mpaka tukubaliane kama mpira ukiugonga mnazi umetoka au haujatoka. Yule kijana wa Micheweni alifungwa mabao mengi mno. Lakini Jumatatu alikuwa ubaoni, mikono imechubuka, anafundisha sehemu na desimali mbele ya wenzake waliomwona Jumamosi akianguka na kuinuka. Ile mechi moja tuliyoshinda walimbeba mabegani mpaka bwenini, nami nikajidai sikusikia kelele baada ya saa nne za usiku.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa hao sita watapata nafasi ya kusoma. Kama wana sifa na watakaa darasani, karibu, na wacheze hata miguu iwaote mabawa, sina neno. Lakini nilimsikia vyema yule bwana. Alisema masomo "yatatazamwa." Nitaambiwa pia kuwa kushindwa si sifa. Kweli, si sifa. Basi fedha hizo zinunue mipira, viatu na nyavu, na alipwe mwalimu wa michezo anayejua kazi, kwani hao waliofungwa msimu mzima hawakupata kufundishwa na mtu. Kwa nini mchango upatikane kwa ajili ya wageni sita, na usipatikane kwa ajili ya ishirini waliopo?

Kikao kitarudi tena Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, palepale mwembeni. Daftari la mwaka 1996 ninalo. Lilikuwa litupwe pamoja na makaratasi mengine nilipostaafu, nikalichukua. Kalamu nyekundu imefifia, lakini majina manne yanasomeka. Nitalipeleka, na nitaomba lipitishwe mkono kwa mkono kabla ya ajenda ya nne kufunguliwa.