Nyumba ya katekista si tofali za kuuza

Najua nimekaa kimya wiki mbili bila kuandika, na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimedisco. Sijadisco, testi tu zilinibana. Halafu juzi nilikuwa na hasira, nikaona nikiandika nitawatukana watu wazima. Leo zimepungua kidogo. Kidogo tu.

Ilianzia chumbani. Mwenzangu wa chumbani, yule anayesoma mambo ya ardhi, alikuwa anapitia matangazo ya nyumba zinazouzwa Uingereza. Sijui mtu ambaye boom lake limekwisha tangu wiki ya kwanza anatafuta nini huko, lakini ndio starehe yake. Akaniita nione moja. Nyumba ya zamani ya kasisi wa Kianglikana, huko mashambani kabisa. Madirisha marefu meupe, ukuta wa tofali nyekundu umetambaliwa na mmea mpaka karibu na paa, bustani, zizi la farasi. Bei ilikuwa pauni milioni moja na ushee. Tukapiga hesabu kwenye simu, zaidi ya bilioni tatu za madafu. Chumba kizima tukaguna. Mmoja akasema, "Wenzetu wanajua kutunza jamani," na wengine wakaitikia kama kwaya.

Hazikupita dakika ishirini, simu ikaita. Mjomba, kutoka Kabungu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Shule inaendaje?"

"Tunapambana."

"Sasa, sikutaka usikie kwa watu. Ile nyumba tuliyokulia sisi, kamati imekaa, imeamua ivunjwe. Kuna mfanyabiashara kaja, anachukua tofali, mbao na bati. Kwa pamoja."

Nikauliza lini. Akasema kikao cha mwisho ni Jumamosi, baada ya hapo ni kazi tu.

Kwa msiojua: babu yangu mzaa mama alikuwa katekista. Nyumba hiyo ni ya kigango, siyo ya ukoo wetu, naomba hilo lieleweke mapema ili mtu asije akaniambia natetea urithi. Babu alipostaafu walihama, wakajenga pembeni, na bibi hakulalamika. Ni nyumba ya vyumba vinne, tofali za kuchoma, kuta nene kiasi kwamba nikiwa mdogo nilikuwa nakaa dirishani na miguu nimeikunja, na bado kuna nafasi ya sahani ya mihogo. Milango ni ya mninga. Bati zimeoza upande mmoja, popo wamejaa darini, na mchwa wameanza kula fremu ya jikoni. Sisemi ni ikulu.

Sasa nataka kubishana na watu watatu. Wa kwanza ni nyie wa chumbani.

Eti wenzetu wanajua kutunza. Kutunza kwa nani? Kasisi wa Kiingereza wa zamani aliishi kwenye jumba lile kwa sababu aliishi kwa zaka za wakulima wa kijiji na kwa shamba la kanisa. Wale walioitwa "rector" walichukua zaka kubwa, ya nafaka, na "vicar" akaambulia zaka ndogo. Ndiyo maana nyumba zile ni kubwa hivyo. Mwandishi Jane Austen alizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo huko Steventon mwaka 1775, baba yake akiwa kasisi. Na mnajua nyumba hiyo iko wapi leo? Haipo! Ilivunjwa karne ya kumi na tisa. Kwa hiyo nao walivunja, msiwafanye malaika.

Halafu karne ya ishirini zaka zikaisha, gharama zikapanda, na Kanisa la Uingereza likaanza kuziuza hizo nyumba, moja baada ya nyingine, kwa maelfu. Kasisi wa leo huko unaweza kumkuta anaishi kwenye nyumba ndogo ya kisasa huku anahudumia parokia tano, sita. Jumba kakaa mtu wa benki kutoka London, au mwandishi mwenye jina. Ile ya Bemerton, karibu na Salisbury, alikoishi mshairi George Herbert kuanzia mwaka 1630, siku hizi ni ya Vikram Seth, mwandishi kutoka India. Nampongeza, kainunua kwa kalamu. Lakini mkulima wa kijiji kile haingii mle labda kwa kuja kukata majani. Ukuta umetunzwa, kijiji kimetolewa nje. Mimi hilo silitamani kwa Kabungu.

Ila kuna kitu kimoja wanatuzidi na lazima nikikubali, nacho sio mapenzi ya vitu vya kale. Ni karatasi. Tangu sheria ya mipango miji na vijiji ya mwaka 1947, nyumba ya kihistoria inaingizwa kwenye orodha, na ikishaingia, mwenye nyumba hata akiwa bilionea habomoi wala habadilishi sura yake bila kibali. Na ardhi iliyo chini ya nyumba inauzika pamoja nayo, milele. Ndiyo maana nyumba iliyosimama ina thamani kuliko tofali zake.

Kwetu ni kinyume, na hapa mwenzangu wa ardhi alinisaidia (kwa hiyo nimemsamehe ile ya "wenzetu"). Umiliki wa milele tuliufuta mwaka 1963. Ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na kijijini tunatumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sina ugomvi na hilo, bila hilo wakulima wengi wa Katavi wangekuwa vibarua kwenye ardhi ya babu zao. Lakini matokeo yake ni kwamba kiwanja kisichopimwa wala kuwa na hati ya haki miliki ya kimila hakina bei inayoeleweka, na benki haikitazami. Basi mfanyabiashara anakuja na fuso, anatazama nyumba ya vyumba vinne, haoni nyumba. Anaona bati kadhaa, mbao za mninga, na tofali. Nyumba ikilala chini ndiyo inapata bei. Hiyo ndiyo hesabu iliyoipiga kamati, na kwa hesabu hiyo wako sahihi. Tatizo ni hesabu yenyewe.

Mtu wa pili ni yule aliyesema kwenye kimbweta jana, nilipokuwa nasimulia: "Si ni mabaki ya ukoloni hayo? Vunja, jenga kipya." Huyu namheshimu, anasoma historia, ila hapa kachemsha.

Ukoloni upo, siukatai. Karema pale ziwani kuna historia yote hiyo: Kapteni Cambier, Mbelgiji wa ile jumuiya ya Mfalme Leopold, alianzisha kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe wakakifanya misheni. Misheni nyingi za upande wetu zina mizizi hapo. Lakini Karema hiyo hiyo ndiko alikokaa Adrian Atiman. Mtoto aliyezaliwa huko Mali ya leo, akatekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu mpaka uzee wake. Alikufa mwaka 1956. Alioa binti wa Kibende, yaani shemeji yetu kabisa. Alikuwa daktari na katekista. Sasa niambie, nyumba aliyokaa mtu kama huyo ni ya mkoloni au ya nani?

Na ya kwetu ni ndogo zaidi kuliko hapo. Bibi aliniambia mwenyewe: tofali zilifyatuliwa na wanakijiji miaka ya 1950, wanaume wakikata magogo ya tanuri porini, wanawake wakichota maji ya udongo kutoka mtoni, siku tatu kwa wiki, kiangazi kizima. Yeye alikuwa msichana, na alama ya kisigino chake anadai ipo kwenye tofali moja la ukuta wa nyuma, alilikanyaga likiwa bichi akachapwa. Nimelitafuta tofali hilo utoto wangu wote. Mzungu alileta bati na misumari. Ukuta ni wa watu wa Kabungu.

Na msifikiri serikali itakuja kuinusuru. Nimeisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jengo linalolindwa moja kwa moja ni lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Elfu moja mia nane sitini na tatu! Boma la Cambier lenyewe limechelewa kwa miaka 16. Misheni zote za mwambao wa Tanganyika zimechelewa. Waziri anaweza kutangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, ndiyo, ila nani atamtajia waziri nyumba ya katekista? Halafu kuna kichekesho: sheria hiyo hiyo inalinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mikono, kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo mlango wa nakshi wa pwani una mtetezi kisheria, na ukuta uliofyatuliwa na bibi yangu hauna. Watu wa pwani msinune, milango yenu naipenda.

Mtu wa tatu ni mjomba. Huyu ndiye mgumu, kwa sababu ananipenda na kwa sababu hasemi upuuzi. Nilimpigia tena usiku, nikaweka vocha ya kutosha.

"Mjomba, wewe umezaliwa mle."

"Ndiyo maana najua inavuja wapi," akanijibu. "Wewe unaikumbuka Krismasi. Mimi naikumbuka masika. Watoto wanacheza mle, ukuta ukimwangukia mtoto wa mtu utakuja kunitetea na blogu yako?"

Nikanyamaza. Akaendelea kwamba paa la kanisa lenyewe linahitaji bati, michango imekuwa migumu, mwaka huu mvua zimewayumbisha. Pesa ya huyo mfanyabiashara inaezeka kanisa karibu nusu.

Nimeifikiria hoja hiyo siku nne na sitaki kuidharau. Lakini mjomba, kwa kuwa najua binti yako atakusomea hii, nakujibu hapa mbele ya watu, kwa heshima zote. Nusu ya paa siyo paa. Mwakani mtatafuta nusu nyingine na hamtakuwa tena na nyumba ya kuvunja. Halafu tofali zile zimejengewa udongo na zina miaka zaidi ya sitini. Mkizitoa kwa sululu ngapi zitatoka nzima? Mnunuzi analijua hilo, ndiyo maana kawapa bei ya jumla na siyo ya tofali moja moja.

Na walimu je? Kila mwaka wanaletwa walimu wapya huko kwetu, na kila mwaka wengine wanaondoka, na sababu ya kwanza wanayoitaja ni pa kulala. Mmoja alinifundisha hesabu darasa la sita akiwa amepanga stoo ya mahindi. Alivumilia muhula mmoja. Nyumba ya vyumba vinne inachukua walimu wawili bila kubanana. Wapangisheni. Kodi ya miezi sita ya kwanza, mkiipokea mapema, inanunua bati za upande ule uliooza, na ya miezi inayofuata ndiyo iende kwenye paa la kanisa, kidogo kidogo lakini kila mwezi. Mchwa wana dawa. Popo wanatoka ukiziba dari. Ufa wa ukuta wa jikoni, fundi auangalie kabla mtu hajaingia, hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja, na mpaka siku hiyo pigeni misumari mlango watoto wasiingie.

Kingine, ombeni kijiji kiwapimie kile kiwanja na kigango kipate hati yake. Bila karatasi hiyo, hata mkikataa fuso la safari hii, litakuja jingine.

Najua mtasema, huyu yuko Mlimani anakula chipsi, anatupangia. Sawa. Ndiyo maana nimetuma elfu thelathini ya dawa ya mchwa kwa simu, kwa jina la mdogo wangu, siyo la kamati (samahani mjomba). Hiyo ilikuwa hela ya kutoa kopi za notsi, kwa hiyo mwenye notsi za semina ya Jumatano anitafute.

Barua ya kamati nimeiandika kurasa mbili kwa mkono, nikaipiga picha nikamtumia mdogo wangu. Ataisoma Jumamosi baada ya ibada. Bibi amesema atakuja na kiti chake, atakaa mbele. Na kabla ya kikao anataka apelekwe ukuta wa nyuma akatafute lile tofali.