Usipokiambia chuo kuwa unakitaka, hakitajua

Kila mwaka wanafunzi wangu wachache wanaomaliza sekondari huomba nafasi katika vyuo vya Marekani. Hujaza fomu kwa uangalifu, huzituma, kisha hunyamaza. Nikiwauliza kama wamekiandikia chuo chenyewe, hushangaa: “Mwalimu, si tutawasumbua?”

Adabu hiyo naifahamu. Nilisomea uhamishoni, Karagwe nchini Tanzania, ambako nafasi ya sekondari ilikuja kwa orodha ya majina iliyobandikwa ukutani. Hakuna aliyekuuliza kama shule hiyo unaitaka. Hapa Rwanda nako, mtihani wa taifa ndio unaompangia mtoto shule. Katika utaratibu kama huo, kukaa kimya ni heshima.

Marekani kimya hicho husomwa vingine. Mwombaji mmoja huweza kuomba vyuo kumi na ataingia kimoja tu. Chuo hulazimika kukisia nani atakuja kweli, maana kiti kitupu ni ada iliyopotea. Kwa hiyo vyuo vingi, hasa vya binafsi, huweka kumbukumbu: nani aliandika, nani alihudhuria kikao cha mtandaoni, nani alifika kutembelea. Mwaka 2017 wachumi wa Chuo Kikuu cha Lehigh walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kujitokeza hivyo huongeza nafasi ya kukubaliwa, na zaidi kwa wenye alama za juu. Yaani mwanafunzi hodari aliyenyamaza hudhaniwa kuwa amekiweka chuo hicho kama akiba tu.

Kusema kweli, sioni haki hapo. Kijana wa Boston hupelekwa kwa gari la baba yake. Wa Nyamagabe atoe wapi nauli ya ndege? Lakini barua pepe haina nauli. Iwe fupi, iulize jambo ambalo tovuti ya chuo haikulijibu: je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huruhusiwa kufanya utafiti maabara? Sifa za kunakili wanaozisoma huzitambua upesi. Na akialikwa mahojiano kwa mtandao, asikatae.

Ila si kila chuo kinapima jambo hili. Harvard, Yale na Stanford husema havilizingatii. Vyuo vingi hutoa kila mwaka fomu ya takwimu iitwayo Common Data Set, yenye mstari unaoonyesha uzito wa shauku ya mwombaji. Walimu wenzangu, tuusome mstari huo pamoja na wanafunzi kabla hawajaanza kuandika.